Lenzi ya Canon EF 400mm f/5.6L kwa Bata Mwitu Warukao: Misimu Miwili katika Mabonde ya Pemba

Lenzi ninayoitathmini hapa ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1993, haina kidhibiti mtikisiko, haina zumu, na siku hizi hupatikana zaidi ikiwa imeshatumika. Hata hivyo, baada ya kwenda nayo kwa misimu miwili katika mabonde ya mpunga ya kaskazini mwa Pemba, sijaona lenzi inayomfaa zaidi mtu anayetaka kupiga picha bata mwitu wakiwa angani, anayekwenda kwa miguu juu ya matuta ya majaruba, na ambaye fedha zake ni za kuhesabu. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia mahali inaposhindwa, kwa sababu inashindwa kabisa katika baadhi ya mambo na mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha.

Kazi yangu ya kila wiki ni kupiga picha za harusi mjini Unguja, lakini nimezaliwa na kukulia Wete. Utotoni tulikuwa tukilala tukisikia, hasa nyakati za mvua, milio mitatu ya mluzi ikipita juu ya paa gizani, na bibi yangu akitwambia kwamba ni bata wa bondeni wanakwenda kula. Mchana nilikuwa nikiwaona wamesimama kimya kando ya maji, kundi zima limeelekea upande mmoja. Nilipoanza kumiliki kamera, picha niliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya bata hao wakiwa hewani, mbawa zimekunjuka na uso mweupe ukionekana wazi. Lenzi yangu ya harusi, ambayo inafika mm 200 tu (namba hii ikiwa kubwa, lenzi huvuta vitu vya mbali zaidi), ilinipa vidoa vyeusi juu ya mawingu. Hapo ndipo nilipoanza kuitafuta hii.

Nianze na umbo lake. Ni lenzi nyembamba, ndefu, yenye rangi nyeupe kama zilivyo lenzi kubwa za Canon, na ina vioo 7 vilivyopangwa katika makundi 6. Uzito wake ni gramu 1,250. Kikofia cha kuzuia jua kimejengwa humo humo, unakivuta mbele na kazi imekwisha, jambo ambalo mtu aliyewahi kuangusha kikofia cha lenzi katika maji ya jaruba atalithamini. Ringi ya kufungia tripodi inatoka, na mimi niliiondoa siku ya kwanza na sijairudisha. Naifunga kwenye kamera ya Canon 7D Mark II, iliyotoka mwaka 2014, ambayo kihisi chake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ni kidogo kuliko fremu kamili (kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani ya mm 35) kwa kiasi cha mara 1.6, kwa hiyo mm 400 zinaona kama mm 640 zingeonavyo kwenye kamera ya fremu kamili. Kamera hiyo ina gramu 910. Vyote viwili kwa pamoja ni kilo mbili na kidogo, na nitairudia hesabu hii ya uzito kwa sababu ndiyo inayoamua mambo mengi.

Bata ninaowazungumzia ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule mwenye uso mweupe na kisogo cheusi, kifua chenye rangi ya udongo mwekundu na mistari ubavuni, ambaye dume na jike hawatofautiani kwa sura, na ambaye mlio wake ndio ule mluzi wa usiku. Urefu wake ni karibu sentimita 45. Akiruka huinamisha kichwa chini kidogo ya usawa wa mgongo, na miguu yake hutokeza nyuma ya mkia, kwa hiyo hata akiwa kivuli tupu hujulikana. Wa pili ni yule bata mdogo wa mabwawa yenye yungiyungi, ambaye ni miongoni mwa bata wadogo kabisa duniani, hazidi sana sentimita 30. Dume lake lina uso mweupe, doa la kijani upande wa kichwa, mdomo wa manjano na ubavu wa rangi ya machungwa. Huyu huishi katikati ya majani ya yungiyungi akila mbegu zake, na akiinuka hupita chini chini juu ya maji kwa mapigo ya haraka ya mbawa, akionesha kiraka cheupe bawani kwa muda ambao mtu hawezi kuhesabu hadi tatu.

Mm 400 zinatosha? Swali hili niliulizwa na kila mpiga picha niliyemwonesha lenzi hii, na jibu linapatikana kwa hesabu nyepesi. Bata wa uso mweupe akipita umbali wa mita 30, taswira yake juu ya kihisi huwa na urefu wa milimita 6 hivi, na kihisi cha 7D Mark II kina upana wa milimita 22.4, kwa hiyo bata huyo huchukua zaidi kidogo ya robo ya upana wa picha. Hiyo ni nafasi nzuri mno kwa ndege aliye hewani, maana inaacha uwazi wa kukosea kidogo bila kukata bawa. Bata mdogo wa yungiyungi kwa umbali huo huo hafiki hata moja ya tano ya upana, na hapo ndipo mtu hutamani mm 600. Lakini uzoefu wangu umenionesha kwamba kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyokuwa vigumu kumpata ndege ndani ya kitundu cha kuchungulia katika ile sekunde moja anayokupa, na nimepoteza bata wengi zaidi kwa kutowaona kuliko kwa kuwa wadogo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hulitaja kama kasoro kubwa, yaani kukosekana kwa kidhibiti mtikisiko. Kifaa hicho huondoa mtikisiko wa mkono wa mpiga picha. Mwendo wa ndege mwenyewe hakiugusi. Bata wengi wa mwitu wakishika safari huruka kwa kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa, ambazo ni sawa na karibu mita 16 na nusu kwa sekunde. Kwa kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/500 ya sekunde, bata anayepita mbele yako anakuwa amesogea zaidi ya sentimita 3 wakati shata iko wazi, na ncha ya bawa, ambayo ina mwendo wake yenyewe juu ya ule wa mwili, inakuwa imesogea zaidi. Kwa 1/2000 mwili husogea kama milimita 8. Ni kweli kwamba ukimfuata ndege kwa kuizungusha lenzi sehemu kubwa ya mwendo huo hufutika, lakini bawa linalopanda na kushuka haliwezi kufuatwa na mkono wa mtu yeyote. Ndiyo maana kwa bata arukaye sishuki chini ya 1/2000, na asubuhi yenye mwanga wa kutosha hupanda hadi 1/3200. Katika kasi hizo mtikisiko wa mkono haubaki na la kufanya, na kifaa ambacho lenzi hii haina kingekuwa mzigo wa bure. Nilisema nitataja inaposhindwa, na hapa pana mpaka: hoja yangu ni ya ndege waliomo hewani chini ya mwanga wa jua, na haivuki hapo.

Uzito wa lenzi hausomeki vizuri kwenye karatasi za maelezo; unasomeka begani saa ya pili ya kusubiri. Bonde ninalokwenda, ambalo kwa ajili ya usalama wa bata wenyewe sitalitaja kwa jina zaidi ya kusema kwamba liko kati ya Wete na Konde, halifikiki kwa gari. Unaacha barabara mahali ambapo katika msimu wa karafuu huanikwa majamvi pembezoni mwa lami, unateremka kwenye mikarafuu, kisha unatembea juu ya tuta la jaruba lenye upana wa unyayo, kulia maji, kushoto maji. Tripodi haina pa kusimama. Kila picha ni ya mkono, na bata hawatoi taarifa; unaweza kusimama dakika arobaini na lenzi ikielekea chini, kisha ukapewa sekunde nne. Rafiki yangu mmoja wa kazini aliniazima kwa wiki nzima lenzi ya Sigma 150-600mm ya daraja la Contemporary, ambayo ni lenzi nzuri, yenye kidhibiti mtikisiko na uwezo wa kufika mbali zaidi, na ina uzito wa gramu 1,930. Tofauti ya gramu 680 ni ndogo ukiishika dukani. Bondeni niligundua kwamba ilipofika saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nikiichelewesha kuinyanyua, na kundi la kwanza lililopita baada ya hapo nililipiga likiwa limeshanipa mkia. Kwa mtu anayepiga picha akiwa ndani ya gari au akiwa amekaa mahali pamoja pa kuegemea, ningemshauri aichukue Sigma bila kusita. Zumu yake humwezesha kuanza na mm 200 ili ampate ndege, kisha akaivuta. Kwa anayetembea, hapana.

Katika ulengaji wa fokasi lenzi hii inanishangaza hadi leo. Mota yake ya USM ni ya kimya na ya haraka, na ubavuni ina swichi yenye nafasi mbili: moja huiruhusu kutafuta shabaha kuanzia mita 3.5 hadi mwisho wa upeo, na nyingine huizuia isitafute karibu zaidi ya mita 8.5. Kwa bata, swichi iwekwe kwenye mita 8.5 na isiguswe tena. Bila hivyo, lenzi ikimkosa ndege hurudi hadi kwenye majani ya mpunga yaliyo mbele ya miguu yako na kupanda tena hadi mawinguni, na safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo inayomla bata wako.

Ili msomaji aone ukali wa kazi yenyewe, na aone kwa nini kasi ya mota ni jambo la kulipia, nitoe hesabu nyingine. Kwa mm 400, upenyo wa f/5.6 (upenyo ni tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikizidi, tundu hupungua) na umbali wa mita 30, kina cha eneo linaloonekana kali kwenye kihisi cha ukubwa huu ni kama mita 1.2 tu, mbele na nyuma ya shabaha kwa pamoja. Kamera yangu hupiga picha 10 kwa sekunde. Bata anayekuja usoni kwangu kwa mita 16 na nusu kwa sekunde husogea mita 1.6 na zaidi kati ya picha moja na inayofuata, yaani hutoka nje ya eneo lote lile kali kabla shata haijafunguka tena. Kwa hiyo kamera haiwezi kutegemea pale ndege alipokuwa; ni lazima ikadirie atakapokuwa, na lenzi iwe imeshafika hapo. Lenzi yenye mota ya kusuasua haiwezi kazi hii hata ikifungwa kwenye kamera ya bei kubwa kiasi gani. Katika kundi la picha kumi za bata anayenijia moja kwa moja, lenzi hii hunipa tano au sita zilizo kali machoni. Anayepita ubavuni, nane au tisa. Hesabu hizi ni za kwangu, kwenye kamera yangu, baada ya mazoezi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikipata moja au mbili.

Kilichonisaidia kuvuka kutoka moja hadi tano kilikuwa mipangilio ya kamera pamoja na namna ya kusimama. Nimehamishia kazi ya kulenga kwenye kitufe cha nyuma cha AF-ON, ili kidole cha mbele kibaki na shata peke yake. Kamera hii ina alama 65 za kulengea; natumia kundi dogo la katikati badala ya zote, kwa sababu nikizifungua zote hushika ukingo wa mikoko ulio nyuma na kumwacha ndege. Katika menyu yake mipangilio ya ufuatiliaji imepewa namba 1 hadi 6, nami natumia namba 2, ambayo huiagiza kamera iendelee na shabaha ya mwanzo hata kikikatiza kitu kingine. Kabla bata hawajafika, nalenga mnazi ulio umbali ule ule ninaotarajia wapite, ili lenzi isianzie mbali. Miguu naielekeza mahali ninapotaka kumalizia, kisha nageuza kiuno kuwaendea wanakotoka. Mwili ukijifungua kurudi katika hali yake ya asili, lenzi huenda nao bila mkwaruzo. Macho yote mawili yawe wazi, jicho la kushoto likiliangalia kundi zima.

Yote hayo hayakunipa kitu hadi nilipoelewa upepo, na elimu hiyo sikuipata katika kijitabu cha kamera. Katika bonde lile pana dungu la mzee mmoja anayeamia mpunga wake, na mara ya kwanza nilipofika nilimpigia hodi kutoka mbali na kumwamkia kabla ya kutia mguu kwenye tuta lake. Aliniuliza nafanya nini, nikamwonesha. Alinitazama nilivyokuwa nimesimama, kisha akanambia: "Mjukuu wangu, umesimama mkiani mwao. Nenda kule juu, upepo unakotoka. Hawa hawainuki ila wakiukabili." Nilihama. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, bata waliinuka wakinijia.

Nikalifikiri jambo hilo baadaye kwa urefu, na nimeona kwamba jiografia yetu inampendelea mpiga picha wa asubuhi kwa namna ya ajabu. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba, upepo hutoka kusini mashariki. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Katika majira yote mawili upepo una upande wa mashariki ndani yake, na jua la asubuhi nalo linatoka mashariki. Kwa hiyo mtu akisimama upande wa mashariki wa maji, akikiacha kisogo chake kwenye jua, bata huinuka wakielekea kwake huku nyuso zao zikiwa kwenye mwanga. Jioni mambo hugeuka kabisa: jua liko magharibi, upepo uko pale pale, na unalazimika kuchagua kati ya bata aliye mbele yako lakini amepigwa jua mgongoni, na bata mwenye mwanga mzuri anayekuonesha mkia. Tangu nilipofahamu hilo nimeacha kwenda bondeni jioni kwa ajili ya picha, ingawa jioni ndiyo wakati ambao bata wa mluzi huanza safari zao za kutafuta chakula. Nakwenda saa 12 na nusu asubuhi, wakati wanaporejea, na saa tatu nimeshaondoka kwa sababu baada ya hapo joto linalopanda kutoka kwenye maji huifanya hewa icheze, na picha ya umbali wa mita 50 hulainika hata lenzi iwe kali vipi.

Siwatupii mawe, sipigi makofi, na nawaomba wenzangu wasifanye hivyo. Wakulima wana haki ya kuwafukuza bata kwenye mpunga wao, maana ndicho chakula cha watoto wao. Mpiga picha hana haki hiyo. Bata aliyeshtuliwa huinuka kwa fujo na kukimbia akikupa mgongo, kwa hiyo hata picha yenyewe huwa mbaya, na wakati wa mvua anaweza kuwa ameacha mayai kwenye majani.

Kuhusu mwangaza nitasema machache. Uso mweupe na mbawa nyeusi katika mwili mmoja huidanganya kamera, na nyuma yake hubadilika ndani ya sekunde mbili kutoka mpunga wa kijani hadi mikoko hadi mbingu nyeupe. Mimi hupanga kila kitu kwa mkono: f/5.6, 1/2000, na ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, kati ya 800 na 1600 kufuatana na saa, nikipima mwangaza kwenye kitu cheupe kilicho juani. Lenzi haihitaji kufungwa zaidi ya f/5.6, picha zake ni kali tangu upenyo wake wa juu, kutoka katikati hadi karibu na kona, na hilo ni jambo la kuthaminiwa kwa sababu mwanga tunaoupata ni ule ule, hauongezeki.

Sasa inaposhindwa. Nilikwenda nayo katika Msitu wa Ngezi nikitaka njiwa wa Pemba na, kama Mungu angejaalia, popo wakubwa wa Pemba kwenye mti wao. Chini ya miti ile mwanga ni hafifu, shata ilishuka hadi 1/60, na kwa lenzi ya urefu huu isiyo na kidhibiti mtikisiko picha nilizozipata kwa mkono hazikufaa hata moja. Hapo lenzi ya kisasa yenye kidhibiti ingeniokoa. Umbali wa karibu wa mita 3.5 nao ni kikwazo: kerengende anayetua kwenye suke la mpunga mbele yako hawezi kupigwa kwa ukubwa wa kuridhisha. Zaidi ya hayo, lenzi haina mpira wa kuzuia maji pale inapoungana na kamera, wala haikuundwa kuhimili mvua, ingawa kamera yenyewe imekingwa kwa kiasi. Mvua za masika huku hazibishi hodi. Mimi hubeba mfuko mkubwa wa nailoni na kitambaa cha kanga, na matone yakianza, lenzi hufunikwa kwanza, mimi baadaye.

Hatari kubwa kuliko mvua katika visiwa vyetu ni kuvu. Unyevu wa pwani ukikutana na giza la begi huotesha nyuzi nyeupe juu ya vioo vya ndani, na zikishakula ule utando wa kioo hazirudi nyuma. Nikitoka bondeni siiweki lenzi begini ikiwa na jasho la asubuhi. Naifuta kwa kitambaa kikavu ili kuondoa chumvi, naiacha ipate hewa kivulini, kisha naihifadhi katika kontena la plastiki la jikoni linalofunga kwa mpira, pamoja na vifuko vya dawa ya kunyonya unyevu ambavyo huvibadilisha kila baada ya wiki kadhaa.

Nimeulizwa kama si bora mtu kununua lenzi mpya za kamera zisizo na kioo cha ndani. Kwa anayemiliki kamera hizo, zipo mbili za kufikiria. RF 600mm f/11 ya mwaka 2020 ina gramu 930 tu na inafika mbali, lakini upenyo wake umefungwa kwenye f/11, yaani inapitisha robo ya mwanga wa f/5.6. Pale ninapotumia ISO 800 mtu wa f/11 atatumia 3200 kwa shata ile ile, na saa 12 na nusu asubuhi, wakati mimi niko 1600, yeye atakuwa 6400. RF 100-400mm ya mwaka 2021 ni nyepesi ajabu, gramu 635, lakini ikifika mm 400 upenyo wake ni f/8. Kwa bata wa alfajiri bado naipendelea hii kongwe, na habari njema ni kwamba inaweza kufungwa kwenye kamera hizo mpya kwa adapta ya EF bila kupoteza ulengaji. Nilipata kuijaribu kwa asubuhi moja kwenye R7, kamera ya mwaka 2022 ambayo kihisi chake chenyewe kina kidhibiti mtikisiko, na kwa mara ya kwanza nikaiona lenzi hii ikitulia mkononi kwa shata ya polepole, huku kamera ikilitafuta jicho la bata peke yake. Nikipata uwezo, nitabadilisha kamera na lenzi nitabaki nayo. Kwenye 7D Mark II pia inawezekana kuongeza kikuzio cha mara 1.4, lakini upenyo hushuka hadi f/8 na kamera hubakiwa na alama moja tu ya katikati ya kulengea. Kwa bata aliyetua inafaa, kwa arukaye sikuipenda.

Bei yake ilipokuwa mpya huko Marekani, katika miaka yake ya mwisho, ilizidi dola 1,200. Mimi niliipata Dar es Salaam ikiwa imetumika, kwa chini ya nusu ya hiyo. Ya kwanza niliyooneshwa, katika duka lingine ambalo sitalitaja, ilikuwa na kuvu ndani na muuzaji aliniapia kuwa ni vumbi, niliiacha. Kwa hiyo mnunuzi aende na tochi ndogo: afungue vifuniko vya pande zote mbili, amulike kwa kuinamisha, na atazame kama kuna nyuzi zinazofanana na utando wa buibui. Aizungushe ringi ya fokasi kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho asikie kama inakwama. Aijaribu swichi katika nafasi zote mbili. Kisha aombe kuitoa nje ya duka na kamera yake mwenyewe, asimame barabarani, na awatafute kunguru, ambao Darajani au Kariakoo hawakosekani hata siku moja. Amchague mmoja anayemjia usoni, amshike akiwa mbali, apige mfululizo mpaka apite juu ya kichwa, na azikuze picha hizo kwenye kioo cha kamera pale pale. Zikiwa kali tatu kati ya kumi kwa mkono usioizoea lenzi hiyo, atoe fedha.